Chagua Gurudumu Ukiwaza Mteremko

Ndugu waendeshaji, makocha, mafundi, na wazazi mliowasindikiza vijana wenu, hamjambo.

Nimeombwa niseme machache kuhusu magurudumu ya mbio za barabarani kwenye milima. Hata kabla sijashika kipaza sauti nimeshaulizwa pale mlangoni swali lile lile na watu tofauti: gurudumu jepesi kuliko yote ni lipi? Nitalijibu, ila huenda jibu lisiwafurahishe. Msimamo wangu ni kwamba gurudumu la milimani lichaguliwe kwa kuwaza kushuka kwanza. Likishapita mtihani huo, ndipo tuzungumze kupanda.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana mpaka jioni.

Chukueni mlima wa Alpe d'Huez kule Ufaransa, ule wa kona 21. Ni kilomita 13.8, na mwinuko wake kwa wastani ni asilimia 8.1. Kutoka chini mpaka juu unainuka mita 1,100 na ushee. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake kwa pamoja wana kilo 75, na anaumaliza mlima huo kwa saa moja kamili. Mtu huyo anatoa kama wati 255, na karibu 230 kati ya hizo zinakwenda kwenye kazi moja tu ya kuinua uzito. Sasa mpunguzieni gramu 300 kwenye magurudumu. Gramu 300 si kidogo. Wengine wanakopa pesa kwa ajili ya gramu hizo. Atafika kileleni mapema zaidi kwa sekunde 13 hivi. Ndani ya saa nzima, sekunde 13.

Sizidharau sekunde. Mwaka 1989 Greg LeMond alichukua Tour de France kwa kumzidi Laurent Fignon sekunde 8 baada ya wiki tatu za mbio. Lakini kumbukeni siku ile ya mwisho LeMond alikuwa na usukani wa kukata upepo, na ilikuwa mbio ya mtu mmoja mmoja kushindana na saa, wala si mlima.

Turudi kwa mtu wetu wa kilo 75. Mrudishieni gramu zake 300, ila mvueni zile tairi ngumu za mazoezi na mmvalishe tairi laini za mbio. Tairi ngumu ina mgawo wa ukinzani wa kubingirika, yaani kadiri tairi inavyokupinga ikiviringika, wa karibu 0.005, na tairi nzuri ya mbio iko karibu na 0.003. Kwa mwendo wake wa kupanda, tofauti hiyo ni wati tano au sita, nazo zinampa zaidi ya dakika moja pale juu. Dakika moja kwa tairi, sekunde 13 kwa ringi, lile duara la nje linalobeba tairi. Na tairi ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye gurudumu. Bado naona vijana wamebeba ringi za kaboni za kupendeza wakiwa wamezivalisha tairi walizozikuta kwenye sanduku la mtu.

Kuna jambo jingine mtaambiwa, kwamba gramu moja kwenye ringi ni sawa na gramu mbili kwenye fremu. Hilo ni kweli pale tu unapoongeza mwendo, kwa sababu ringi inasonga mbele na inazunguka kwa wakati mmoja. Ukishakuwa kwenye mwendo wako wa kupanda, gramu ni gramu popote ilipo. Kwenye kona kali za mlimani, mahali unapopunguza na kuongeza tena, utalisikia hilo miguuni, na kusikia kwenyewe kuna raha yake, siwakatazi. Ila msidanganyike kwamba ndiko ushindi uliko.

Halafu ipo sheria. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu baiskeli ya mbio yenye uzito chini ya kilo 6.8, na sheria hiyo imekuwapo tangu 2000. Kama fremu yako ni nyepesi, unaweza kununua magurudumu ya manyoya kisha ukalazimika kuongeza uzito mahali pengine ili upite kwenye mizani. Heshima gani hiyo? Mbio hizi zimekuwa na wazimu wa wepesi tangu zamani. Inasimuliwa kwamba Antonin Magne, bingwa wa Tour ya 1934, alitumia ringi za aloi ya alumini wakati sheria ilitaka mbao, na ringi zenyewe zilipakwa rangi ya mbao ili wakaguzi wasishtuke. Basi tusijione wa kwanza.

Sasa tugeuze baiskeli, tuangalie chini.

Mtu wetu yuko kileleni. Kila mita aliyopanda imekaa kwake kama deni la nishati, na sasa deni linalipwa. Kwa mlima ule ule, nishati ya kushuka inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji kutoka baridi ya kawaida. Itakwenda wapi? Kuna njia mbili kubwa tu: kwenye upepo unaomkabili, au kwenye breki.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Tuseme mteremko ni wa asilimia 10. Akiachia breki kabisa akiwa amekaa kawaida, mwendo utapanda mpaka kilomita 65 kwa saa hivi, halafu upepo utamzuia asiongeze. Kwa mwendo huo breki hazifanyi kazi yoyote. Upepo umebeba mzigo wote. Sasa mchukueni mwoga, au mtu wa tahadhari, tusimwite mwoga. Yeye ameshika breki tangu juu na anateremka kwa kilomita 36 kwa saa bila kuachia. Mlima unamsukuma kwa wati 730. Upepo kwa mwendo huo unachukua kama 210, tairi zinachukua 35 hivi, na zile karibu 500 zilizobaki zinaingia kwenye breki kama joto, sekunde baada ya sekunde, dakika baada ya dakika. Ukipiga hesabu vizuri unakuta kwamba mwendo wa karibu kilomita 38 kwa saa ndio unaopika breki kuliko mwendo mwingine wowote kwenye mteremko huo. Ukienda polepole sana, mlima unakusukuma kwa nguvu ndogo. Ukienda kasi, upepo unakusaidia. Katikati hapo, ambapo wengi wetu tunajiona tuko salama, ndipo chuma na gundi vinapoungua.

Kwa hiyo dereva mzuri wa mteremko hushika breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha anaachia kabisa vipoe. Nanyi mkinunua gurudumu, jiulizeni: siku nitakapokuwa nimechoka, vidole vimekufa ganzi, mvua inanyesha, na nimeshika breki dakika kumi mfululizo kama yule mtu wetu, gurudumu hili litanivumilia?

Ringi ya alumini yenye breki za kubana ringi itakuvumilia kwa kiasi kikubwa, kwa sababu alumini husambaza joto haraka na kulitupa hewani. Ringi ya kaboni ni nyuzi zilizoshikwa na gundi, na gundi ile ina kiwango chake cha joto. Ikikivuka inalainika, na ukuta wa ringi unasukumwa nje na hewa ya tairi. Na hewa yenyewe haitulii. Kama pampu ilisoma baa 6, kipimo cha msukumo wa hewa, asubuhi kwenye baridi ya nyuzi 20, ringi na hewa vikifika nyuzi 80 ndani ya tairi kutakuwa na zaidi ya baa 7. Ukuta unalainika wakati ule ule hewa inaongeza nguvu. Weka humo tyubu ya lateksi, ule mpira mwembamba mwepesi, ambayo joto ni adui yake, na umekamilisha mtego.

Ndiyo maana kwa wenye baiskeli za breki za ringi ushauri wangu ni mfupi: kwenye milima mirefu, tumia alumini. Nasema hivyo bila kigugumizi. Kama tayari una kaboni na huna namna, tumia pedi za breki zilizotengenezwa kwa ringi hizo hizo, na usirudishe kwenye kaboni pedi uliyowahi kuitumia kwenye alumini. Chukua ile pedi, igeuze kwenye mwanga. Utaona vichembe vya chuma vinang'aa vimejikita ndani ya mpira. Vichembe hivyo ni msasa.

Joto likichanganyika na lami linaweza kuleta balaa kwa yeyote, hata bingwa. Tarehe 14 Julai 2003, kwenye Tour de France, katika mteremko wa La Rochette karibu na mji wa Gap, Joseba Beloki alikuwa anashuka mbele, Lance Armstrong akiwa nyuma yake. Jua lilikuwa limeyeyusha lami. Gurudumu la nyuma likateleza, tairi, ambayo enzi hizo ilibandikwa kwa gundi, ikatoka kwenye ringi, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Armstrong aliponea kwa kukata shambani. Wengi wanakumbuka kile kitendo cha kukata shambani. Mimi namkumbuka Beloki, ambaye hakurudi tena kuwa yule wa zamani.

Breki za diski zimetuondolea sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa kuwa joto sasa liko kwenye diski na ringi inabaki baridi. UCI iliziruhusu rasmi kwenye mbio za barabarani mwaka 2018, na leo ukitazama kundi la waendeshaji wa kulipwa ni nadra kuona kitu kingine. Kama unanunua baiskeli mpya kwa ajili ya milima, usijadiliane na mtu, chukua diski. Ila nazo zina masharti. Mbele weka diski ya kipenyo cha milimita 160, hasa kama wewe ni mtu wa mwili. Ya 140 waachie wepesi, au iweke nyuma. Diski nyingi zina unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya na hutupwa zikifika 1.5, na tofauti hiyo macho hayaioni, inahitaji kipimo. Ukiona diski imepata rangi ya samawati au ya kahawia, ujue iliwahi kupata joto la kupindukia. Na baada ya mteremko mrefu usiiguse kwa kidole kuona kama ni moto. Ni moto.

Tufike kwenye tairi na mdomo wa ringi, mahali penye ubishi mkubwa siku hizi.

Ringi za zamani zina kijikulabu kwa ndani kinachoushika mdomo wa tairi. Ringi nyingi mpya za kaboni zimeondoa kulabu. Ukuta wake ni wa kunyooka tu, na tairi inashikiliwa kwa kubana sawasawa. Watengenezaji wanazipenda kwa sababu ni rahisi kuzitengeneza na ukuta unatoka imara. Zinafanya kazi, lakini hazina msamaha. Kikomo chake ni baa 5, kama psi 72, na si kila tairi inakubaliwa: lazima iwe tairi isiyotumia tyubu, iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa ringi, kwa upana aliousema yeye. Februari 2024, kwenye UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka tairi yake ilipochomoka kwenye ringi ya aina hii. Upande mmoja ukasema aligonga jiwe na jiwe ndilo lililoharibu ringi. Upande wa pili, akiwemo Adam Hansen, rais wa chama cha waendeshaji cha CPA, ukasema ringi hizi si salama kwa mbio. Mimi sitawaamulia kesi hiyo. Nitawaambia tu kwamba kwenye milima, kwa mtu asiye na fundi wa timu anayempimia hewa kila asubuhi, ringi yenye kulabu inasamehe makosa ambayo ile nyingine haisamehi. Pampu yako ikidanganya kwa nusu baa, kwenye kulabu hutajua. Kwenye isiyo na kulabu unaweza kujua ukiwa kwenye kona.

Na ringi yoyote uliyo nayo, soma vikomo vyote viwili, cha ringi na cha tairi, ukifuate kile kidogo. Naona watu wanasoma ubavu wa tairi, wanaona namba kubwa, wanasukuma mpaka pale kana kwamba ni lengo. Hewa nyingi kupita kiasi kwenye lami mbovu inakurusha juu kila kokoto, na tairi iliyo hewani haishiki kona. Tairi ya upana wa milimita 28, ambayo zamani kidogo tungeicheka tukiwa na 23 zetu, inakwenda na hewa pungufu, inakumbatia barabara, na haikuchelewishi. Kama nafasi ya fremu inaruhusu, 30 pia ni sawa. Tazama tu ringi isiwe nyembamba kuliko tairi. Tairi ikivimba nje ya ringi, faida yote ya kukata upepo inakwenda.

Juu ya upepo sitakaa sana. Ringi ndefu, yaani yenye kimo kikubwa kutoka tairi kuelekea kitovu, inakata upepo vizuri, na mbio za milimani si kupanda tu. Kuna mabonde, kuna kukimbizana kwenye tambarare kati ya mlima na mlima, kuna mteremko wenyewe. Kwa hiyo ringi fupi kabisa nayo ina hasara. Lakini ringi ndefu ni tanga. Upepo wa ubavuni unasukuma gurudumu la mbele na kulipindisha, na kwa kilomita 70 kwa saa ukitoka nyuma ya ukuta wa mwamba ghafla, mikono yako ndiyo itakayojibu. Mlima Ventoux unajulikana kwa jambo hili: mwaka 2016 Tour ililazimika kuhamisha mstari wa kumalizia kutoka kileleni mpaka Chalet Reynard kwa sababu ya upepo. Kuanzia 2026 UCI imeweka kikomo cha kimo cha ringi cha milimita 65 kwa mbio za kundi, zile ambazo wote huanza pamoja, ila kwa milimani hata hizo ni nyingi mno. Milimita 35 hadi 45 zinatosha. Mwenye mwili mdogo, hasa vijana wetu na akina dada wa kilo hamsini, mbele aweke 30 na nyuma aweke ndefu kidogo. La nyuma halipindishi usukani.

Sasa spoku. Sheria ya mbio za kundi inataka angalau 12, lakini hakuna mtu mwenye busara anayeshuka mlima na 12. Ninapenda 24 nyuma, na mbele 20 au 24 kulingana na uzito. Spoku za chuma, za aina ambayo fundi yeyote anaweza kuibadilisha. Za kaboni ni ngumu na nyepesi, sikatai, lakini ikikatika moja umemaliza msimu ukisubiri kiwanda. Jambo linalokata spoku mara nyingi si mshindo mmoja mkubwa. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyo chini inalegea kidogo na kukaza tena, maelfu ya mara. Ikiwa haikubanwa vya kutosha, inalegea mno kila mzunguko, na chuma kinachoka pale shingoni, karibu na kitovu.

Huhitaji mashine kugundua hilo. Ligeuze gurudumu la nyuma, ukwaruze spoku moja moja kwa ukucha kama mtu anayejaribu nyuzi za gitaa. Za upande wa gia zitalia kwa sauti nyembamba, za upande wa pili kwa sauti nzito, hiyo ni kawaida. Zinazotakiwa kufanana ni za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe. Ukisikia moja imelia bubu katikati ya wenzake, umeshapata mgonjwa. Usimkazie mwenyewe kwa hasira. Gurudumu litaanza kuyumba.

Wenye ringi za kaboni, pitisheni kitambaa cha pamba taratibu kuzunguka ukingo wote. Kikinasa mahali, simameni hapo mwangalie, hasa kwenye matundu ya spoku. Wenye alumini na breki za ringi, tafuteni ile alama ya kuchakaa, kijishimo au mfereji mdogo kwenye uso wa breki. Ukishafutika, ringi imekwisha, haijalishi inang'aa vipi. Kama haina alama, lazeni rula juu ya uso huo. Ukiona mwanga katikati, ukuta umeliwa.

Kwa hiyo lile swali la mlangoni nalijibu hivi: jozi ya gramu 1,500 hivi, yenye breki za diski, kulabu, ringi ya kimo cha 40 na tairi nzuri ya 28, inamtosha karibu kila mtu aliyekaa humu ndani. Aliye na pesa ya kupunguza gramu mia moja zaidi, azitumie kwanza kwenye tairi, pedi na diski mpya, halafu aje tuzungumze.

Nimeona mikono imeinuka, nami nitajibu. Lakini fundi ameshafungua meza pale kushoto, ana kipimo cha spoku na cha diski, na mwanga wa mchana bado upo. Tuyajibu maswali tukiwa tumeshika magurudumu yenyewe. Wenye kaboni na breki za ringi wapite mbele, na waje na pedi zao mkononi.